Kifaru cha Kulia

Margareta alifika Manzese Jumatatu asubuhi kuchukua amplifaya yake iliyoungulia harusini Kijitonyama. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na pale Sinza alikuwa na biashara ya kukodisha maturubai, viti na spika. Sauti yake ilikwishazoea kuwaamrisha wapakiaji akiwa ng'ambo ya barabara, na haikuwahi kuhitaji spika.

Fundi wake aliitwa Herieth, binti wa miaka ishirini na tisa, mwenye chumba kimoja nyuma ya kituo cha mwendokasi. Chumba kilijaa redio, feni na TV za chogo zilizopangwa mpaka darini, lakini Herieth alijua kila kitu kilipo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tayari?"

"Imebaki kuifunga tu. Kaa kwenye stuli, dakika tano."

Margareta hakukaa. Alikuwa ameona kitu kwenye rafu, katikati ya blenda na redio ya mbao. Lilikuwa boksi jeusi, bapa, lenye utepe wa plastiki iliyochorwa kama mbao. Juu yake palikuwa na vishimo viwili, na ndani ya kila kishimo ililala padi yenye kijiti kifupi na vitufe kumi na viwili kama vya simu. Akalishusha, akalipuliza vumbi, akaitoa padi ya upande wa kulia. Kidole gumba chake kikapanda chenyewe juu ya kijiti.

"Hii umeitoa wapi?"

"Gongo la Mboto. Kuna nyumba walikuwa wanahama, jamaa wa vyuma chakavu akaniletea pamoja na redio mbili. Ni gemu ya TV, mama. Ya zamani kweli, mie sijazaliwa."

"Naijua. Ila ya kwangu mie iliandikwa Palmetron. Hii inasema Sunvik."

Herieth akaacha bisibisi. Hakuna mteja aliyewahi kumtajia jina hilo. "Palmetron ndiyo orijino! Nilisoma habari zake nilipoifungua. Waliitengeneza miaka miwili tu, haikuuzika, kampuni ikaachana nayo. Viwanda vingine vikachukua mchoro uleule, kila kimoja kikabandika jina lake. Hii ni kopi, lakini ndani ni ileile, mpaka chipu."

"Inawaka?"

"Inawaka vizuri. Tatizo haina kaseti ya gemu hata moja, kwa hiyo haina cha kucheza."

Akaiunganisha na TV ya chogo iliyokuwa mezani, akabonyeza swichi. Kioo kikajaa mistari ya kijani na nyeupe, imesimama tu. Margareta akaitazama ile mistari kwa muda, padi ingali mkononi.

"Usimuuzie mtu," akasema. "Mie najua kaseti zilipo."

*

Mwaka 1982 Margareta alikuwa na miaka kumi na miwili, akiishi Unguja na mama yake, Yustina. Yustina alikuwa ametoka Newala kutafuta maisha, akapata kazi ya kufua na kupiga pasi kwa mzee Bandali, mfanyabiashara mwenye nyumba ya ghorofa huko Vuga. Wakati huo watu wa Dar wengi hawakuwa na TV, lakini Unguja zilikuwepo, tena za rangi, na mzee Bandali alikuwa nayo sebuleni. Siku moja alirudi safari ya Dubai na mashine ya gemu.

Watoto wake walikuwa wawili: Askari, kijana wa miaka kumi na mitano, na Tazim, msichana wa umri wa Margareta. Margareta akitoka shule alipita kumngoja mama yake, na Tazim akamwingiza sebuleni. Gemu waliyoipenda ilikuwa ya vifaru vya vita. Kila mchezaji ana kifaru kimoja, katikati pana kuta, na anayempiga mwenzake mara kumi ndiye mshindi. Askari alikaa kushoto siku zote na alimfunga kila mtu. Margareta alikaa kulia. Alifungwa mara nyingi kuliko wengine kwa sababu alicheza mara nyingi kuliko wengine. Kila Askari alipotaka mtu wa kumfunga, yeye hakukataa.

Kisha ikaja siku akashinda. Ilikuwa kumi kwa saba, mbele ya Tazim na watoto wawili wa jirani. Watoto walipiga kelele mpaka mzee Bandali akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Askari alikuwa amekwisha simama, uso umemwiva, ameshika padi yake kwa waya. "Imeharibika," akamwambia baba yake. "Padi yangu imekufa. Margareta ameiharibu." Jioni ileile Yustina aliambiwa asije tena na mtoto kazini.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Margareta alikua, akahamia Dar, akaolewa, akafiwa na mume, akaanza na turubai moja na sasa anayo kumi na nne. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipita Temeke mbele ya duka la vifaa vya ujenzi lililoandikwa Bandali na Wanawe. Alimwona Askari ndani, mnene, ndevu nyeupe, na alipohitaji mabomba ya maturubai alinunua duka la pili yake.

Jumatatu ile alitoka Manzese moja kwa moja, akaingia.

*

"Karibu mama, tukusaidie nini?" Askari aliuliza bila kuinua uso kwenye simu yake.

"Askari."

Akaivua miwani. "Samahani, tunafahamiana?"

"Margareta. Mtoto wa Yustina. Vuga."

Askari akasimama, kiti kikagonga rafu ya rangi nyuma yake. "Ya Allah! Margareta!" Akazunguka kaunta, akaagiza kiti, akaagiza soda. "Mama yu hai?"

"Yu hai. Yuko kwangu Sinza. Miguu tu ndiyo inamsumbua."

"Alhamdulillah. Wa kwangu wote wametangulia. Tazim yuko Mombasa, ana wajukuu sasa. Na wewe muda wote huu uko wapi?"

"Nipo hapahapa. Napitaga hapo nje kila wiki."

Askari akatazama barabarani kama vile angeweza kumwona akipita, kisha akatazama chini. Margareta akaifungua soda yake.

"Nimefuata kaseti za gemu," akasema.

"Kaseti! Ile mashine ilikufa mwaka themanini na tano, tukaitupa." Akacheka. "Lakini marehemu mama alikuwa hatupi kitu. Kaseti ziko nyumbani kwenye kopo la biskuti, na ile ya vifaru imo."

"Vizuri. Mie nimepata mashine. Nataka turudie mechi."

"Mechi ipi?"

"Unaijua."

Askari akairudisha miwani usoni taratibu. "Siku ile padi yangu ilikuwa mbovu, Margareta."

"Padi yako ilikuwa nzima. Lakini sikuja kugombana, nimekuja kukualika. Jumamosi saa nne, kwa fundi wangu Manzese. Ukishinda, nitasema padi ilikuwa mbovu, na nitasema kwa spika zangu mwenyewe, mtaa mzima usikie."

Vijana wawili waliokuwa wakihesabu misumari walikuwa wamesimama kusikiliza. Askari aliwaona. "Na nikishindwa?"

"Ukishindwa utajua mwenyewe la kusema."

Kesho yake bodaboda ikaleta Manzese kopo la biskuti lenye kaseti tano.

*

Kaseti hazikuingia. Herieth alijaribu zote. Zilikuwa pana kuliko tundu kwa upana wa kidole.

"Walifanya makusudi," alimwambia Margareta aliyekuja Jumatano. "Kila mwenye kopi alibadilisha tundu, ili ukinunua mashine yake ununue na kaseti zake. Ndani lugha ni moja, mlango ndio umebadilishwa."

"Sasa?"

"Sasa natengeneza mlango mwingine." Herieth alikuwa amekwisha toa soketi kwenye mtambo mmoja mbovu, na mbele yake palikuwa na karatasi yenye safu mbili za namba. "Pini ziko thelathini huku na thelathini huku, ila zimepangwa tofauti. Lazima nijue ipi ni ipi. Nikipeleka umeme kwenye pini isiyo yake, naua kaseti, na nyingine haipo."

"Utaweza?"

"Jumamosi saa nne watakuta inacheza."

Margareta alipenda jinsi alivyojibu. Hakuuliza tena.

Herieth alipima pini moja moja, akilinganisha na mchoro aliotumiwa na mtu wa nchi za mbali anayekusanya mashine kama hizo. Alhamisi alilehemu nyaya thelathini, kila moja nyembamba kama uzi wa kushonea. Ijumaa asubuhi aliwasha, na vifaru vikatokea, lakini nusu ya kuta ilikuwa hewani na kifaru kimoja kilikuwa vipande vinne. Hakushtuka. Picha ikitokea namna hiyo, alijua, mashine inasoma kaseti ila inakosea mahali pa kusoma. Akarudi kwenye karatasi yake, akakuta nyaya mbili zimepishana, akazibadilisha. Mchana wa Ijumaa akampigia simu Margareta, akaisogeza simu karibu na TV ili asikie mlio wa kifaru kikitembea. Ulikuwa mlio mkavu, kama mtu anakwaruza sufuria.

Margareta alikuwa juu ya gari, katikati ya viti mia mbili. "Ndio huo," akasema. "Ndio huohuo!"

*

Jumamosi Askari alikuja na binti yake Tahera, mwanafunzi wa famasi, aliyekuwa amesikia habari za vifaru wiki nzima na alitaka kuviona. Herieth aliwapanga mbele ya TV. Bila kuulizana, Askari akakaa kushoto, Margareta akakaa kulia.

"Ngoja niiweke sawa," Askari akasema. Akapitisha mkono nyuma ya mashine, akapapasa, akarudi kukaa. "Haya."

Margareta akasogeza kijiti, kifaru chake kikatoka nyuma ya ukuta. Akapiga risasi ya kwanza, ya kujaribu tu, hakuwa amelenga kitu. Ile risasi ikasafiri, ikapita katikati ya uwanja, ikapita kando ya ukuta wa pili, ikaenda kugonga ukingo wa kushoto kabisa wa kioo.

Akaiweka padi mapajani.

"Cheza, mama," Tahera akasema.

"Ngoja kwanza." Margareta aliendelea kutazama pale ilipogonga. "Risasi yangu imefika kule. Haikuwaga inafika kule. Zamani ilikuwa inaishia hapa." Akanyoosha kidole kwenye kioo, kabla ya kufika nusu ya uwanja. "Siku zote iliishia hapa. Ya kwako ndiyo ilikuwa inavuka."

"Labda mashine hii ni tofauti," Herieth akasema. "Ingawa kaseti ndiyo ileile."

Margareta akamgeukia Askari. Naye Askari alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa shati, na hakuwa na haraka ya kumaliza.

"Kuna swichi mbili nyuma," akasema hatimaye. "Moja ya kushoto, moja ya kulia. Ukiishusha, risasi za mchezaji wa upande huo zinakuwa fupi. Waliiweka ili mtu aliyezoea ajipunguzie nguvu, mgeni naye apate kucheza. Mie niligeuza mambo. Nilishusha ya kulia. Ndiyo maana nilikaa kushoto."

"Baba!" Tahera akasema.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitano."

"Siku zote?" Margareta akauliza.

"Siku zote. Leo nimezipandisha zote mbili, nikajua hutatambua."

Nje basi lilifunga breki kituoni, watu wakashuka.

Margareta hakukasirika kama alivyodhani angekasirika. Alikuwa anakumbuka. Alikumbuka jinsi alivyojifunza kubana na ukuta, kukaa kimya kwenye kona mpaka kifaru cha Askari kipite karibu kabisa, kisha kutoka na kupiga pua kwa pua. Alidhani huo ndio mchezo wenyewe, kwamba mwenye kifaru cha kulia lazima asogee. Miaka yote hii alijua kwamba alishinda. Hakujua alishinda kiasi gani.

"Kwa hiyo nilikufunga na risasi fupi," akasema.

"Ulinifunga na risasi fupi."

"Na padi yako?"

"Padi ilikuwa nzima, Margareta."

Akavuta pumzi, akaitoa. Kisha akaishika tena padi yake. "Haya. Herieth, mwanangu, ya kwangu iache juu. Ya Askari ishushe."

"Hiyo haki," Askari akasema, akakohoa kidogo.

Alifungwa kumi kwa mbili. Alijaribu kupiga kutoka mbali kama alivyozoea, na kila risasi ikazimikia njiani huku kifaru cha Margareta kikimpiga kutoka upande wa pili wa uwanja. Tahera alicheka mpaka akashika ukuta. Ilipofika saba kwa moja, Askari alianza kusogea karibu na kuta, na hapo ndipo alipopata bao lake la pili. "Kazi hii," akanong'ona. "Uliwezaje kazi hii?"

"Nilikuwa naifanya kila siku."

Baada ya hapo walizipandisha swichi zote mbili wakacheza mechi ya haki, ya kwanza katika maisha yao. Ilichukua dakika ishirini. Askari alishinda kumi kwa nane.

"Hiyo ni yako," Margareta akasema, akampa mkono. "Mie nimezoea kusogea mno. Ukinipa wiki moja nitakufunga."

"Najua." Askari hakuuachia mkono wake mara moja. "Siku ile, mama yako alisemaje? Mlipofika nyumbani?"

"Hakusema. Alinichapa. Eti nimeharibu mashine ya watu, karibu aikose kazi."

Askari akauachia mkono. Kisha akasimama, akatafuta funguo za gari mfukoni.

"Nipeleke Sinza kwa mama," akasema.

*

Yustina alikuwa barazani, ungo mapajani, anachambua kunde. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na macho yake yalikuwa mazuri kuliko miguu yake.

"Shikamoo Bi Yustina."

"Marahaba." Alimtazama kuanzia viatu mpaka ndevu. "Umekuwa baba yako mtupu. Askari wewe."

Askari hakukubali kuketi kwenye kiti alicholetewa. Aliketi kwenye ngazi, chini yake, mtu mzima mwenye tumbo, akamweleza yote: swichi, padi, alichomwambia baba yake. Alimweleza kwa ufupi na hakujitetea. Margareta alisimama mlangoni akisikiliza.

Yustina aliendelea kuchambua mpaka Askari alipomaliza. "Baba yako aliniita kando," akasema, "akaniambia kwa upole kabisa, mtoto wako ameharibu kitu cha wanangu. Kwa upole. Nimefua nguo zenu miaka mitatu baada ya hapo, na kila nikipita sebuleni naona aibu."

"Nisamehe, Bi Yustina."

"Wewe ulikuwa mtoto. Nimekusamehe." Akatoa jiwe kwenye kunde, akalitupa uani. "Ila mie sikuwa mtoto. Margareta, njoo hapa."

Margareta akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Nilikuchapa kwa ufagio."

"Kwa kandambili, mama."

"Kandambili. Basi. Sikukuuliza kitu."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza, ungeniambia nini?"

"Ningekwambia nimeshinda."

Yustina akamtazama bintiye usoni, akamshika shavu kwa mkono wenye vumbi la kunde. "Ngapi kwa ngapi?"

"Kumi kwa saba."

"Na huyu alikuwa amekufunga mikono nyuma."

"Alikuwa amenifunga mikono nyuma."

"Sasa nionyeshe," Yustina akasema. Akasukuma kunde pembeni mwa ungo, akaacha katikati wazi. "Nionyeshe ulivyofanya. Nataka kujua."

Margareta akaketi sakafuni. Akapanga kunde kwa mistari, zikawa kuta. Akaweka moja kushoto na moja kulia, zikawa vifaru. Akaanza kueleza bao la kwanza, jinsi alivyopita chini ya ukuta mrefu. Askari akasogea kutoka kwenye ngazi, akainama juu ya ungo, akanyoosha kidole.

"Hapana," akasema. "Hapo mie sikuwepo. Nilikuwa huku."

"Ulikuwa hapo hapo," Margareta akasema. "Mwache mama aangalie."